Mkurugenzi wa Ushauri Nasaha na Huduma za Wanafunzi Chuoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimefanya kazi hii Nakuru, na sasa niko Kisumu. Karibu kila mwezi kuna mtu ananipigia simu. Huwa ni mwalimu wa sekondari anayetaka kuhama, mhitimu wa saikolojia anayetafuta kazi, au mwenzangu aliyekabidhiwa ofisi Jumatatu na hajui ashike wapi. Maswali yao yanafanana, kwa hiyo nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa.

Mkurugenzi huyu hufanya nini hasa?

Kwenye barua ya ajira utasoma kwamba anasimamia ushauri nasaha, ustawi wa wanafunzi, ushauri wa kozi na ajira, wanafunzi wenye ulemavu, washauri rika, na pengine hosteli na michezo. Vyuo vikuu vingi huweka mambo haya chini ya mkuu wa wanafunzi, yule ambaye makomredi humwita dini, yaani "dean". Kwenye vyuo vya kiufundi mara nyingi mzigo wote huwa wa mtu mmoja, pengine na msaidizi.

Kwa maneno ya kila siku, wewe ndiwe unayehakikisha kwamba mwanafunzi aliyekwama anapata mtu kabla hajafunga sanduku lake na kurudi nyumbani. Na kukwama hakuji kwa jina lake halisi. Katika miaka yangu yote sikumbuki mwanafunzi aliyeingia, akaketi, akaniambia, "Madam, nina sonona." Huja na karo. Huja na barua ya kuahirisha mtihani, kitambulisho kilichopotea, ugomvi wa chumba, au alama ambazo hazionekani kwenye mtandao wa chuo. Hiyo ndiyo hodi yake. Mkurugenzi akishughulikia karatasi tu na kumwacha aende, amempokea mzigo mgeni na kumwacha mwenyewe nje. Na yule anayengoja waletwe watu wenye "matatizo ya akili" atakaa peke yake mpaka saa kumi na moja jioni.

Unaweza kutoa mfano?

Naweza, kwa sababu mhusika aliniruhusu, na nimebadilisha machache ili asitambulike.

Mwalimu wa ufundi bomba aliniletea kijana aliyekuwa analala darasani. Alitaka aandikiwe onyo. Kijana mwenyewe hakutaka kuongea, kwa hiyo niliomba rejista ya mahudhurio ya muhula mzima. Nilipoikagua niliona kitu. Kwa siku kadhaa mfululizo yuko macho, anajibu maswali, kazi yake ya karakana ni safi kuliko ya wenzake. Kisha siku kadhaa analala au hayupo kabisa. Halafu yuko tena. Niliangalia viganja vyake vikiwa juu ya meza: kamba ilikuwa imeacha alama katikati ya vidole, na ngozi imekakamaa. Nikamuuliza, "Unavua wapi, mwanangu?" Akainamisha kichwa, kisha akajibu, "Dunga, Madam."

Anayeishi kando ya ziwa anajua kwamba omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, mitumbwi hupumzika. Rejista ile ilikuwa inafuata mwezi. Baba yao alikuwa ameaga dunia, na kijana alikuwa akijilipia karo na kumlipia dada yake wa kidato cha tatu. Hakuwa amemwambia yeyote, kwa kuwa kila aliyemuuliza alitaka kujua kwa nini analala, si usiku huwa yuko wapi.

Hatukuanza na vikao. Tulienda ofisi ya fedha tukakubaliana alipe kwa awamu. Tulimsaidia kujaza fomu ya basari ya CDF, ule mfuko wa maeneo bunge, kwa ajili ya dada yake. Mwalimu wake, ambaye ni mtu mwema na alikuwa amechoka tu, akampa nafasi ya kufanya mazoezi ya karakana alasiri. Ilikuwa mwezi wa pili ndipo alipokuja bila karatasi yoyote mkononi, akaketi, akaanza kumzungumzia baba yake. Tuliongea muhula mzima. Lile la karo lisingeshughulikiwa, hili la baba nisingelijua kamwe.

Nisome nini ili nifike hapo?

Wengi huanza na stashahada au shahada ya saikolojia ya ushauri, wengine na shahada ya elimu wakaongeza ya ushauri baadaye. Kwa cheo cha mkurugenzi, vyuo vingi hutaka shahada ya uzamili na uzoefu wa miaka kadhaa. Ukanda huu hauna uhaba wa pa kusomea: Egerton kule Njoro ina idara ya saikolojia na ushauri, na Kabarak hufundisha fani hiyo mpaka ngazi za juu. Ukiweza kuchagua, chagua programu inayokupeleka kwenye mazoezi halisi mbele ya msimamizi, hospitalini au chuoni. Nimewahoji watu wenye vyeti vizuri sana ambao hawajawahi kukaa kimya dakika 2 mbele ya mtu anayelia.

Jifunze pia mambo yasiyofundishwa katika saikolojia: kusoma bajeti, kuandika ripoti ya ukurasa mmoja ambayo mkuu wa chuo ataimaliza, kuendesha kikao cha watu wanaokasirikiana. Nusu ya siku yangu ni hayo.

Lazima nisajiliwe?

Ndiyo. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 ndiyo iliyounda bodi ya kusajili na kutoa leseni. Pia jiunge na KCPA, chama cha taaluma yetu, kwa sababu huko ndiko utapata mafunzo ya kujiendeleza na wenzako wa kukusahihisha. Chuo kikikuambia "usijali, cheti cha ualimu kinatosha", jali.

Mimi ni mwalimu wa sekondari na nimekuwa nikisimamia gaidansi shuleni. Naweza kuhamia chuoni?

Mimi mwenyewe ndiko nilikotoka. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na CRE karibu na Nakuru. Mwanzoni mwa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, madarasa yalifunguliwa na watoto wakarudi wakiwa nusu, wengine wakitoka kambini. Nilipewa gaidansi kwa sababu nilikuwa na vipindi vichache. Nilitambua upesi sana kwamba huruma nilikuwa nayo, ila ujuzi sikuwa nao. Nikaenda kusoma.

Mwalimu ana faida kubwa: anajua kalenda ya masomo, anajua kusoma uso wa darasa. Lakini kuna tabia moja itabidi aiache mlangoni, nayo ni kutoa jibu. Shuleni mtoto akinyamaza, mwalimu husema. Hapa mwanafunzi akinyamaza, unangoja. Mwanafunzi wa chuo, hata wa miaka 18, ni mtu mzima kisheria, na baadhi yao wana watoto wao nyumbani.

Mshahara ukoje?

Inategemea mwajiri ni nani. Katika vyuo vikuu vya umma malipo hufuata madaraja na makubaliano kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri. Kwenye vyuo vya kiufundi vya umma kuna walioajiriwa na Tume ya Utumishi wa Umma na kuna walioajiriwa na baraza la chuo lenyewe, na wawili hao wanaweza kukaa meza moja wakiwa na payslipu tofauti kabisa. Vyuo vya kibinafsi ni mapatano. Kabla ya kutia sahihi, uliza: ni ajira ya kudumu au mkataba? Nikiitwa hosteli saa nane usiku, nauli ni ya nani? Na nani atalipia vikao vyangu na msimamizi wa kitaaluma?

Washauri wangapi wanatosha chuo kimoja?

Shirika la kimataifa linaloidhinisha huduma za ushauri vyuoni, lenye makao yake Marekani, hupendekeza mshauri mmoja kwa kila wanafunzi 1,000 hadi 1,500. Hapa kwetu ni nadra kuifikia hesabu hiyo. Ndiyo maana washauri rika ni wa lazima. Wachague kwa makini: usichukue wale waliochangamka peke yao, mtafute pia yule msichana mtulivu ambaye chumba chake ndicho wenzake hukimbilia usiku. Wafundishe kusikiliza, kutunza siri na kukabidhi. Sisitiza kukabidhi. Mshauri rika wa miaka 20 asibebe peke yake jambo linalotisha hata wewe uliyesomea.

Mzazi akinipigia simu kuuliza habari za mwanawe, nimwambie?

Mwanafunzi akiwa na miaka 18 au zaidi, hapana, mpaka mwenyewe akubali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na faili zako ni habari za afya. Mipaka ya siri ipo: mtu yuko hatarini kujidhuru au kumdhuru mwingine, mtoto anadhulumiwa, au mahakama imeamuru. Mipaka hiyo mwambie mwanafunzi siku ya kwanza, kabla hajafungua moyo.

Niliwahi kukosea. Msichana wa miaka 19 aliniambia ana mimba. Wiki hiyo mama yake alinipigia, akaniambia kwa sauti ya upole, "Madam, nakuomba kama mzazi mwenzangu." Sikumwambia. Nilisema tu, "Usiwe na wasiwasi, ni mambo ya wasichana, tutamsaidia." Mama alielewa palepale. Alifika kesho yake asubuhi na mapema akiwa na kaka wa msichana, na yule binti hakufanya mtihani ule wala mwingine katika chuo kile. Sikuwa nimelitamka neno lenyewe, lakini nilikuwa nimeshalisema. Tangu siku hiyo jibu langu kwa mzazi ni moja: "Mama, siwezi kusema kama anakuja kwangu au haji. Lakini naweza kukusikiliza wewe. Nini kinakutia wasiwasi?" Wengi hulia. Wengine husema jambo ambalo lingenisaidia sana kulijua mapema. Na baada ya hapo huwa rahisi kumuuliza mwanafunzi kama angependa tukae watatu.

Mwanafunzi akisema hataki kuishi, nifanye nini?

Muulize wazi, kwa sauti ya kawaida: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizi mtu wazo. Humwondolea upweke wa kuwa nalo peke yake. Kisha uliza kama ana mpango, kama ana kitu cha kujidhuru nacho karibu, na nani yuko naye usiku huu. Asiachwe peke yake. Hatari ikiwa kubwa, mpeleke hospitali wewe mwenyewe au mwenzako mnayeaminiana, si kumwandikia barua na kumwelekeza pa kupanda matatu. Kisumu tunaenda Jaramogi, ile ambayo wazee bado wanaiita Russia. Kaa naye mpaka apokewe na daktari. Nambari ya bila malipo ya Msalaba Mwekundu, 1199, ibandike mahali ambapo mtu anaweza kuisoma bila kuonekana anaisoma. Ndani ya milango ya vyoo panafaa kuliko kwenye ubao wa matangazo.

Jambo moja wengi hawajalisikia. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na nimeona familia zikimficha mgonjwa kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Waambie wanafunzi. Waambie na walinzi wa hosteli.

Na kazi haiishi hospitalini. Siku anayorudi ndiyo nzito zaidi: chumba kizima kinajua, kitanda kimehamishwa, wenzake wanaongea kwa sauti ya chini. Kutana naye langoni kama anataka. Kabla hajafika, ongea na wanaokaa naye chumbani, kwa ruhusa yake, juu ya namna ya kumpokea. Mara nyingi wanachohitaji kusikia ni kwamba wanaweza kumsalimia kama zamani.

Na akija amebakwa, au mwalimu anamdai mapenzi ili ampe alama?

Kwa aliyebakwa, saa ndiyo muhimu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Mwambie asioge, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Matibabu katika hospitali za umma ni bure. Jaramogi ina kituo cha waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, na nambari 1195 hupokea simu bila malipo. Kuripoti polisi ni uamuzi wake, lakini mweleze kwamba kutibiwa kwanza hakumzuii kuripoti baadaye.

Kuhusu mwalimu: Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006, kifungu cha 23, inamhusu mtu mwenye mamlaka anayeendelea kumsumbua mwingine kimapenzi ilhali anajua hatakiwi. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Utaletewa ushauri wa "tuyamalize kama familia". Usikubali. Andika tarehe, andika maneno aliyoyasema mwanafunzi kama alivyoyasema, omba ujumbe wa simu usifutwe, na panga karatasi zake za mtihani zisahihishwe na mtu mwingine. Hili la mwisho ndilo wanafunzi hunishukuru kwalo, kwa kuwa hofu ya alama ndiyo iliyowazuia kusema.

Matanga yanachukua muda mwingi wa wanafunzi. Chuo kifanyeje?

Hili watu wa nje hawalielewi haraka. Huku kwetu mazishi si ya siku moja, na kuna majukumu ambayo mtoto wa kwanza hawezi kumwachia mtu. Mwanafunzi anaweza kupoteza wiki 2, arudi amechoka, ana deni la mchango, na mtihani wa kati umeshapita.

Fomu ya ruhusa niliyoikuta ilisema: kifo cha mzazi, ndugu, mke au mume. Siku moja alikuja kijana aliyefiwa na baba yake mkubwa, akaambiwa hana haki ya ruhusa. Huyo baba mkubwa ndiye aliyemlea tangu darasa la pili, ndiye aliyemnunulia sanduku la kuja nalo chuoni. Kwa lugha ya nyumbani kijana hakuwa na neno lingine la kumwita isipokuwa baba. Ilinichukua vikao 3 kubadilisha mstari mmoja. Sasa fomu inasema "aliyekulea au mtu wa familia yako", na mwanafunzi anaeleza kwa maneno yake. Walioogopa kwamba kila mtu atazua msiba waliona wenyewe kwamba haikuwa hivyo.

Akirudi, mpe wiki moja kisha umwite. Wiki ya kwanza watu bado wanampa pole. Ya tatu ndiyo kimya huanza.

Wanafunzi wagonjwa na wenye ulemavu je?

Ukanda wa ziwa una watu wengi wenye siko seli kuliko sehemu nyingi za nchi. Mwanafunzi huyu leo ni mzima, anacheka. Kesho maumivu ya mifupa yamemlaza na hawezi kuandika jina lake. Mwalimu asiyejua humwita mvivu. Kila Septemba, wapya wanapoingia, mimi huomba kila idara dakika 15 kueleza siko seli, kifafa na kisukari: kitu gani huanzisha maumivu, kwa nini chupa ya maji darasani si utovu wa nidhamu, na umfanyie nini anayeanguka. Kwa wenye ulemavu, wasaidie kujisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na muda wa ziada wa mtihani uombwe mwanzo wa muhula, si asubuhi ya mtihani.

HELB, mikopo ya simu, kubeti: inahusu ofisi yangu?

Inahusu sana. Pesa za HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, zikiingia, wiki ile ile utaona simu mpya na utaona pia njaa inayokuja baada yake. Wapo wanaoweka pesa za chumba kwenye mechi ya Jumamosi wakitumaini kuzizidisha zilipe na karo. Wengine wamekopa hapa kulipa pale mpaka laini ya simu imegeuka kuwa adui: ikiingia hata shilingi 200 inakatwa. Mwanafunzi huyo huja kwako akisema anataka kuahirisha masomo "kwa sababu za kibinafsi".

Fungua simu pamoja naye, ikiwa amekubali, na mwandike madeni yote kwenye karatasi moja. Nimeona mtu mzima akishusha pumzi kwa kuona tu kwamba jumla ni ndogo kuliko alivyoogopa. Kisha ongea na mesi. Sisi tuna utaratibu wa tiketi za chakula zinazofanana na za kila mtu, rangi ile ile, ili aliyesaidiwa asijulikane kwenye foleni. Rangi ikiwa tofauti, hawatakuja. Wataona afadhali njaa.

Na ushauri wa kozi?

Usiudharau. Wengi huletwa na KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, kwenye kozi waliyoichagua usiku kwa saiba, wakiwa na dakika chache kabla ya muda kufungwa. Kwenye vyuo vya kiufundi, stashahada inahitaji C- ya KCSE, cheti cha ufundi D, na ngazi ya awali huwapokea hata waliopata E. Mwambie wazi aliyeanzia chini kwamba ngazi zinapandika: nimewaona mafundi waliofika stashahada hatua kwa hatua. Mwanafunzi anayechukia kozi yake apate kuhama wiki za mwanzo, kabla karo haijalipwa yote. Baada ya hapo inakuwa vigumu kwa kila mtu.

Lugha gani ya kutumia?

Ile anayoingia nayo. Kiingereza huwa ni lugha ya fomu. Akianza kuumia, atahamia Kiswahili, Sheng au lugha ya mama, na wewe umfuate. Mzungumzaji wa Dholuo anaweza kukuambia "chunya ool", moyo wangu umechoka, na hilo ni jambo la kusikilizwa kwa uzito wote, si kutafsiriwa haraka kuwa "amechoka". Kama huijui lugha yake, mwambie aiseme kwanza kwa lugha hiyo, kisha akueleze. Mimi si Mjaluo, na huulizwa kama hilo linanizuia. Linanipunguza mwendo, na mara nyingi mwendo huo ndio unaotakiwa.

Migomo na maandamano ikitokea, nisimame wapi?

Upande wa usalama wa mwanafunzi. Utaulizwa majina ya viongozi wa mgomo. Usiyatoe. Siku utakayoonekana umepeleka jina moja, ofisi yako imefungwa hata kama mlango uko wazi. Baada ya maandamano ya Juni 2024 tulikaa na vikundi vidogo vidogo vya wanafunzi waliotoka mtaa wa Kondele wakiwa wameona mambo, wengine hawakulala kwa wiki. Hatukuuliza nani alirusha nini.

Sitachoka?

Utachoka. Tafuta msimamizi wa kitaaluma aliye nje ya chuo chako, ukutane naye angalau mara moja kwa mwezi, na lisiwe jambo la kufanywa ukipata nafasi. Mimi husafiri mpaka Nakuru kwa huyo wangu. Njiani kwenda sizungumzi na mtu. Njiani kurudi hununua karoti na viazi.

Nikiripoti kazini, nianze na nini?

Siku ya kwanza, kabla hujakaa kwenye kiti chako, toka mpaka langoni na umuulize soja ofisi ya ushauri iko wapi. Kwenye chuo kimoja nilichofanyia kazi, soja aliniuliza, "Umefanya makosa gani?" Ofisi ilikuwa imepakana na ya nidhamu, na benchi la kungojea lilikuwa moja. Kila aliyeketi pale alionekana ni mkosaji. Sikuwa na bajeti ya kuhama. Nilihamisha benchi tu, nikaliweka upande wa maktaba chini ya mjakaranda, na nikawa natoka mwenyewe kumwita anayengoja, bila kutaja jina, kwa kumpungia mkono. Muhula huo idadi ya waliokuja bila kutumwa ilizidi ya waliotumwa.

Kwa hiyo tembea njia hiyo. Hesabu ni milango mingapi mwanafunzi anapita, na ni watu wangapi wanamwona akiingia. Wiki 2 za kwanza kula chakula cha mchana mesi, kwenye foleni yao, na mjue mpishi kwa jina. Yeye ndiye hujua nani hajala tangu Jumanne.